Shukrani ya Bawabu

Jumatatu, 11 Machi 2019

Mimi nina bahati kuliko mtu yeyote Almagro! Nasema Almagro kwa sababu sipendi kujisifu. Ningeweza kusema Buenos Aires nzima na nisingepingwa.

Watu wanahangaika miezi sita kutafuta nyumba ya kupanga. Wanachakaza viatu, wanapanga foleni mbele ya vyumba vinavyonuka ukungu, na mwisho dalali anawakamua mpaka tone la mwisho. Mimi? Nyumba imeniangukia mapajani. Tena kwenye jengo langu mwenyewe! 4B, chumba na sebule, dirisha la uani, jua la asubuhi. Mpangaji anatoka tarehe 31. Tarehe mosi Aprili anaingia Yamila wangu na mume wake na lile tumbo lake la miezi minane. Mjukuu atalia ghorofa nne juu ya kichwa changu. Alie tu!

Na dalali, Bwana Brambatti, kaniambia kwa mdomo wake: kwako wewe, Rosendo, udalali sifuri, wewe ni mtu wa nyumbani. Sifuri! Nani mwingine mjini humu amewahi kusikia neno hilo likitoka kwenye kinywa cha dalali? Hata mkewe hajalisikia.

Wakati wake umefika, maana mtoto wangu kule Lanús analala sebuleni kwa mama mkwe, kwenye kochi, na mama mkwe keshasema Pasaka mtoto wake mwingine anarudi na kochi lina mwenyewe. Mimba na kochi — hapana.

Nimeanza daftari hili leo kwa sababu leo kuna la kuandika. Brambatti alinipa Krismasi. Zuri, jalada la ngozi ya bandia, na chini ya kila ukurasa jina la ofisi yake na maneno: "Nyumba yako, furaha yetu." Kila bawabu wa mtaa huu kapewa. Sisi ndio macho yake. Nyumba ikikaribia kuwa tupu sisi tunajua kabla ya mwenye nyumba: tunaona maboksi, tunasikia wanandoa wanavyogombana kwenye lifti, tunajua nani kaacha kununua maua. Ukimpigia simu, wiki ijayo anapita na bahasha. Pesa yake, ukarimu wake. Mimi sijawahi kuomba.

Miaka ishirini na sita kwenye mlango huu. Shule nimeishia darasa la sita kule Santiago del Estero, lakini mlango umenisomesha. Nimemfungulia jaji, mwimbaji wa opera, mcheza karata aliyekuwa na pasipoti tatu. Nimefika Montevideo. Hakuna mtu wa kunidanganya mimi.

Jumatano, 13 Machi 2019

Nimekutana na Marbelis kwenye lifti. Ndiye mpangaji wa 4B. Mvenezuela, yuko duka la dawa, miaka mitatu sasa hapa. Ana maboksi hadi kidevuni.

— Maboksi yote haya, binti! Kumbe ulikuwa tajiri na hukutuambia.

— Ni sufuria na vitabu vya mama, Don Rosendo. Utajiri wangu uko kwa dalali.

Nikacheka. Nikampa na yangu, ile ya kila siku: aa, wewe na mkono wako wa birika! Krismasi tatu, jengo zima limenikumbuka, wengine pesa, wengine chupa, hata yule bahili wa 7A alileta mkate mtamu wa zabibu, ingawa ulikuwa wa mwaka jana — wewe hata ganda la chungwa sijaliona.

Kawaida hucheka. Leo aliniangalia tu.

— Mkono wa birika? Mimi?

Mlango ukafunguka, akatoka. Haidhuru. Utani una siku zake.

Wanahamia Constitución, chumba kwenye nyumba ya wageni, choo cha pamoja, ghorofa ya tatu bila lifti. Na mama yake, Bi Auristela, nyonga zimekufa. Alikuja Desemba kutoka Maracaibo na siku hiyohiyo lifti yetu ikagoma. Nani alimbeba mgongoni ghorofa nne? Mimi! Miaka hamsini na nane, ngazi themanini na mbili, na majirani wakipiga makofi kila ghorofa kama ninavuka mstari wa mwisho. Bibi alikuwa akinichekea sikioni na kuomba radhi kwa uzito wake. Uzito gani? Kuku anamzidi.

Kwa nini hawaongezewi mkataba? Sijui. Mambo ya wenye nyumba. Mwenye 4B ni daktari wa meno anayekaa Mar del Plata, hajakanyaga hapa tangu mafuriko. Mikataba huisha, ndiyo dunia.

Ijumaa, 15 Machi 2019

Niandike polepole.

Tumekwenda ofisini kwa Brambatti saa tano, mimi na Yamila. Nimevaa shati la harusi. Nilimwambia Yamila njiani: utaona baba yako anavyopokewa. Na kweli nilipokewa! Kahawa, vikeki vya siagi, kiti chenye mikono. Brambatti akanikumbatia, akaliangalia tumbo la Yamila akasema ni wa kiume, ana macho ya kujua. Nikasema moyoni, ona Rosendo ulipofika.

Kisha karani akasukuma karatasi mezani. Juu yake: Gharama za Mpangaji.

Kodi ya mwezi wa kwanza, sawa. Amana, sawa. Uchunguzi wa mdhamini — huyo ni shemeji yangu mwenye kijumba Mataderos, kila mtu anamjua, unamchunguza nini, damu? Kisha: Ada ya ofisi, kodi ya mwezi mmoja. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama kunguni:

Shukrani ya bawabu, nusu ya kodi ya mwezi.

Nimesoma mara tatu. Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati la harusi, nikasoma ya nne. Bawabu gani? Jengo lina bawabu mmoja! Bawabu ndiye huyu amekaa hapa na kikeki mdomoni!

— Bwana Brambatti, nikasema, ulisema udalali sifuri.

— Na sifuri ni sifuri, Rosendo. Nionyeshe hapo neno udalali.

Halipo. Nimelitafuta juu mpaka chini, halipo!

Yamila hakutafuta neno lolote. Huyu kasoma zaidi yangu, alimaliza sekondari. Akasema sheria ya jiji inasema nyumba ya kuishi mpangaji halipi chochote kwa dalali, anayelipa ni mwenye nyumba. Alisema bila kupandisha sauti, mikono juu ya tumbo.

Brambatti akatabasamu.

— Sheria nzuri sana hiyo, binti. Nenda basi ukapange humo. Mimi nina familia kumi na moja zinaisubiri 4B, na hakuna hata moja iliyonisomea sheria.

— Na risiti utanipa?

— Ya kodi, ndiyo. Ya amana, ndiyo. Mengine ni mambo ya kuaminiana.

Karani akaangalia vidole vyake. Yamila akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Lakini hakumwangalia Brambatti. Aliniangalia mimi.

— Baba, huyu bawabu ni wewe?

Nikameza kikeki. Mimi, Rosendo! Mimi niliyemnyamazisha jaji kwenye mkutano wa jengo!

Brambatti akajibu kwa niaba yangu: desturi ya mtaa, binti, muulize mzee wako.

Yamila hakusaini. Amepewa mpaka Ijumaa ijayo saa sita mchana. Baada ya hapo familia kumi na moja.

Na mlangoni — hili ndilo linaniuma — Brambatti akanichomekea bahasha mfuko wa shati, akanipigapiga kifuani. Ya habari ya 4B, akanong'ona, kama kawaida yetu.

Niliipokea! Mkono ulikwenda wenyewe. Yamila alikuwa keshafika barabarani, kanigeuzia mgongo, anatafuta kivuli.

Jumamosi, 16 Machi 2019

Nimeifungua bahasha. Peso elfu moja na mia tano.

Kwenye karatasi ni elfu saba! Mwanangu anatozwa elfu saba kunishukuru mimi, na kwangu zinafika elfu moja na nusu. Njiani zimepotelea wapi? Kwenye meno ya Brambatti!

Yaani nimeibiwa pesa ambayo nilikuwa sijui ni yangu, na ambayo haikuwa yangu. Hata kuibiwa, nimeibiwa kijinga.

Na za miaka yote ile? Nimeanza kukumbuka nani aliingia lini. 2A. 6C mara nne. Ile familia ya mapacha. Nimeacha.

Jumapili, 17 Machi 2019

Tambi za mkono za Nelida. Hakuna aliyezisifu, na mke wangu hutaka sifa kabla ya kukaa. Yamila alikuja peke yake, mume yuko zamu. Aliegemeza sahani kwenye tumbo kama meza.

Nelida ndiye aliyeanza.

— Miaka yote nilikuwa nakuuliza, wewe mwanamume, hizi bahasha zinatoka wapi? Unanijibu, moyoni mwa Brambatti. Haya, leo tumeuona moyo wenyewe. Una herufi ndogo chini.

Nikasema sikujua. Nikasema naapa kwa marehemu mama yangu, sikujua zinatozwa wapangaji.

— Hukujua, au hukuuliza?

Sijawahi kuona tambi zikipoa haraka hivyo.

Nikasema basi, Jumatatu naenda kumwambia Brambatti afute ule mstari, mimi na yeye ni wanaume, tutaelewana. Yamila akatikisa kichwa.

— Usiende, baba. Akikasirika atawapa wale kumi na moja. Mimi nitalipa. Mume wangu kashaomba malipo ya mbele kiwandani. Sina pa kwenda, nitalipa. Ila nataka ujue kwamba nimelipa.

Heri angenipiga kofi!

Halafu, wakati wa kahawa, akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa: na yule dada wa 4B, mbona anatoka? Si ana mama mgonjwa?

— Mkataba umeisha, nikasema.

Nelida aliniangalia. Nikaenda kuosha vyombo. Sijaosha vyombo tangu harusi.

Jumatatu, 18 Machi 2019

Nimepanda 4B kwa kisingizio cha bomba la jikoni. Bomba ni zima. Nilitaka kujua kama na yeye alitozwa.

Sebule imekuwa ghala. Bi Auristela yuko dirishani kwenye kiti pekee ambacho hakijafungwa kamba, kajifunika shali, jua linampiga miguuni. Akanipungia. Huyo ndiye niliyembeba, akasema, na Marbelis akamsahihisha: yeye alikubeba wewe, mama. Bibi akasema ni yaleyale.

Nikapewa kahawa na mkate wao wa mahindi wenye jibini ndani. Nikauma. Nikauliza ghafla, mdomo umejaa, maana ningesubiri kumeza nisingeuliza:

— Binti, ulipoingia hapa, kwenye karatasi ya dalali, palikuwa na... kitu cha bawabu?

Akaenda kwenye boksi, akatoa faili la bluu, akalifungua juu ya jiko. Karatasi tatu. Yeye hana mdhamini mwenye nyumba jijini, na asiye na mdhamini hapewi mkataba wa miaka miwili, hupewa mwaka, mwaka, mwaka, na kila mwaka anatozwa upya kana kwamba ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi. 2016, shukrani ya bawabu. 2017, shukrani ya bawabu. 2018, shukrani ya bawabu.

Tatu! Nimekaa kwenye boksi. Lilikuwa la sahani. Zilisema.

— Nilidhani unajua, Don Rosendo.

— Nijue!

— Mwaka wa kwanza nilikuchukia sana. Nilisema, tazama mzee huyu, ananifungulia mlango, ananichekesha, na huku ananikamua nusu mshahara. Mwaka wa pili nikazoea. Nikasema ndivyo nchi hii ilivyo, hapa hata kicheko kina bei. Halafu Desemba ukambeba mama. Nikasema basi. Imelipwa. Sitamnung'unikia tena.

Na mimi nilikuwa namwita mkono wa birika! Kwenye lifti! Mbele ya watu! Nikamwambia hivyo, kwamba nimeona aibu. Ndipo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

— Mkono wa birika! Don Rosendo, hivyo viatu ulivyovaa nimekununulia mimi, na wewe hujui!

Nikaviangalia viatu. Ni vizuri. Vya mwaka jana, Aprili. Nilivinunua bahasha ilipokuja.

Bi Auristela naye akacheka, hajui anacheka nini, anacheka kwa kuwa binti yake anacheka, na mimi nimekaa juu ya sahani zilizovunjika za watu wanaohamishwa.

Nikaomba radhi. Nikasema nitalipa sahani. Akasema aah, mzigo umepungua. Kesho anapata ruhusa kazini, anakwenda kwenye ofisi ya wapangaji, kuna wanasheria wanaosikiliza bure. Hajakata tamaa. Nikasema vizuri, binti, nenda. Nikashuka kwa ngazi, sikuisubiri lifti.

Jumanne, 19 Machi 2019

Nimefagia njia. Nimemwagilia mimea. Nimesugua shaba ya mlango wa mbele mpaka nikajiona uso.

Heri nisingesugua.

Jumatano, 20 Machi 2019

Nimekwenda kwa Brambatti, Yamila atake asitake. Sikwenda ofisini, nimemvizia baa ya kona anapokunywa kahawa yake ya saa nne. Nimejaza kifua. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu alfajiri, nikimsomea Nelida huku anakunywa chai yake ya mate. Nelida alisema ni nzuri ila fupisha mahali pa mama yangu.

Nikaitoa yote! Kwamba kwa miaka amelitembeza jina langu kwenye karatasi kama sahani ya sadaka. Kwamba nyumba nilikuwa namtafutia mimi, shukrani walikuwa wanatoa maskini, na minofu alikuwa anakula yeye. Kwamba afute mstari wa bawabu kwa Yamila na amrudishie Marbelis yake, la sivyo nitasimama mlangoni kwangu na kumwambia kila anayepita. Watu wa meza ya pili waligeuka. Mhudumu aliacha kufuta glasi. Nilikuwa mzuri, sitajinyima haki yangu.

Brambatti alikuwa anakoroga sukari. Alikoroga mpaka mwisho.

— Umemaliza, kaka?

— Nimemaliza.

— Mimi bado ninao ule ujumbe wako wa sauti. Wa tarehe tisa Januari. Dakika moja na nusu. Unacheka vizuri sana humo ndani, Rosendo. Nikuchezee? Wenzetu hawa nao wanapenda kucheka.

Akaweka simu mezani katikati yetu, karibu na kijiko.

Nikasema usicheze.

— Ndivyo. Ijumaa binti asaini, azae salama, na mimi na wewe tuendelee kama zamani. Hata ule mstari, kwa heshima yako, nitaupunguza kidogo.

Baa nzima ilikuwa bado inanisubiri niseme kitu. Nilikunywa kahawa. Aliilipa yeye. Hata hilo!

Ujumbe gani, sitaandika. Daftari hili lina jina lake chini ya kila ukurasa.

Nelida aliuliza hotuba imekwendaje. Nimesema aliduwaa.

Alhamisi, 21 Machi 2019

Saa nne na robo asubuhi. Niko kwenye kichumba changu cha ndoo na mifagio, mlango wa kioo umefungwa. Naandika kwa sababu mkono ukikaa bure utafanya jambo.

Marbelis ameshuka sasa hivi na mama yake. Wamepanda lifti pamoja mpaka chini, bibi apate jua la mbele. Nimempa kiti changu, kile cha mlangoni. Kamezwa na kile kiti. Kaniambia Mungu akulipe.

Marbelis anang'aa! Sijamwona hivyo mwezi mzima. Mwanasheria wa ile ofisi, msichana mdogo, amezipitia karatasi zote tatu akapigwa na butwaa. Kasema ile ya mwaka jana, iliyotozwa baada ya sheria kupita, ni haramu waziwazi, dalali atarudisha. Na kasema zaidi: dalali akiona jambo hili linafika kwa serikali ya jiji atapendelea kumpa mkataba mwingine, wa miaka miwili, wa halali, kuliko kufunguliwa faili. Wanaweza kubaki! Yeye na mama, 4B, na jua lao la miguuni.

Inatakiwa saini moja tu. Ya bawabu.

Amenipa karatasi, imeshachapwa. Inasema mimi Rosendo Ledesma sikuwahi kuomba shukrani yoyote kwa mpangaji. Hiyo ni kweli. Inasema nimepokea sehemu ndogo bila kujua chanzo chake. Kweli, nusu kweli. Inasema pia, mstari wa mwisho, kwamba mimi kama bawabu sikuwahi kutoa wala kusikia lalamiko lolote kuhusu watu wanaoishi 4B.

Nikauliza, hili la mwisho la nini?

Akanisomea barua ya Brambatti ya Februari. Kwamba mkataba hautaongezwa, kwa sababu nyumba ni ya mtu mmoja na "kwa taarifa ya uhakika kutoka ndani ya jengo" wanaishi wawili.

— Kutoka ndani ya jengo, Don Rosendo! Mimi namjua. Ni yule mjane wa 4A, anayegonga ukuta mama akikohoa. Sitaki kugombana naye. Nikimpata nitamuuliza swali moja tu: mama yangu alikukosea nini? Basi.

Nikatazama sakafu. Nimeipiga deki mwenyewe, ilikuwa na doa.

— Ashukuriwe Mungu jengo hili lina wewe, akasema. Mahali pengine nani angembeba?

Nikasema ngoja nikachukue miwani.

Miwani iko puani kwangu. Naona kila kitu. Kupitia kioo naona mgongo wa Marbelis, anamfunga mama yake shali, na mkono wa bibi umetulia juu ya mti wa kiti changu. Mjane wa 4A kapita sasa hivi na kapu la sokoni. Marbelis hakumwamkia. Mjane wa watu kasimama, kashangaa, kaendelea.

Simu imelia. Yamila: baba, kesho tunakwenda saa ngapi? Mama mkwe kashatoa mito yangu kwenye kochi.

Karatasi iko kushoto, daftari kulia. Nikisaini, kesho Brambatti ataweka ule ujumbe wa Januari mbele ya mwanasheria, Marbelis atanisikia ninavyocheka, na Yamila hana nyumba. Nisiposaini, huyu bibi wa kiti changu anapanda ghorofa tatu Constitución, na safari hii hakuna mgongo. Nimeshika kalamu. Ameangalia huku mara moja, akatabasamu, akaashiria nisiharakishe.

Ukurasa wa kwanza niliandika kwamba nina bahati, kwamba nyumba iliniangukia mapajani. Nimeufungua, nimeusoma. Maandishi mazuri kabisa.

Ni uongo. Haikuanguka. Tarehe tisa Januari, hapahapa, juu ya ndoo hii, nilimtumia Brambatti sauti huku nacheka, nikamwambia 4B kuna bibi ambaye hayumo kwenye mkataba, mimi mwenyewe nimembeba, na nikamuuliza akitolewa nani anapewa. Sina bahati yoyote. Nilimchongea.